Kubadili prosesa iliyochomelewa kwenye SGI O2: hatari ziko wapi, na zinakwepwa vipi

Swali: Nina SGI O2, kompyuta ya kazi ya Silicon Graphics, yenye prosesa ya RM5200 ya 300 MHz. Nimesoma kwamba inawezekana kuing'oa na kuchomelea RM7000C ya 600 MHz mahali pake. Nimepata muuzaji wa chipu hiyo mtandaoni, na kuna fundi simu hapa mjini mwenye mashine ya BGA (ya chipu zinazochomelewa kwa vitufe vya lehemu vilivyo chini yake) ambaye amekubali kazi. Hatari zake ni zipi, na je, kompyuta itakwenda kasi mara mbili kweli?

Jibu: Inawezekana, na imeshafanyika. O2 ya 600 MHz haikuwahi kutoka kiwandani, lakini wapo wanaozitumia baada ya kubadili chipu. Hata hivyo, kabla hujamkabidhi fundi modyuli yako, jua kwamba kuchomelea ni sehemu tu ya kazi. Fundi mzuri wa BGA ataing'oa chipu ya zamani na kuikalisha mpya. Kinachoua mashine mara nyingi ni volteji ya kiini iliyoachwa kama ilivyokuwa, kizidishi cha kasi (namba inayozidishwa na saa ya basi kupata kasi ya prosesa) kilichopangwa vibaya, au PROM (chipu yenye programu ya kuiamsha kompyuta) isiyoijua prosesa mpya. Makosa hayo matatu huyaoni kwa macho wala kwa eksirei, na mtu anaweza kuchomelea upya mara tatu akidhani tatizo ni lehemu, hadi padi (vipande vya shaba vya ubao vinavyoshika lehemu) zinanyanyuka na modyuli inakufa kabisa. Kwa hiyo naanza na hayo, joto litafuata.

Una bahati moja. Kwenye O2, iliyotoka 1996, prosesa haikuchomelewa kwenye bodi mama. Imechomelewa kwenye modyuli ndogo inayochomekwa juu ya bodi mama na kuchomolewa. Kwenye HP 9000 712, prosesa iko kwenye bodi kuu yenyewe, na ukiiharibu umeharibu kompyuta nzima. Kwako wewe, kinachowekwa rehani ni modyuli tu, mradi volteji mbaya isirudi hadi kwenye CRIME, chipu inayounganisha prosesa, memori na picha, iliyo upande wa pili wa basi la prosesa. Basi tumia bahati hiyo: tafuta modyuli ya pili ya 300 MHz kwa ajili ya kazi hii, na ile inayofanya kazi sasa uiweke kando bila kuigusa. Modyuli ya R5000 ya 180 au 200 MHz ni rahisi zaidi kupata, lakini haitakufaa hapa. R5000 ya BGA ina vitufe 272, wakati RM7000C ina 304. Hiyo inunue kama akiba tu, ya kuthibitisha kwamba bodi mama ni nzima pale mambo yatakapogoma.

Padi ni zilezile, chipu si ileile

RM7000 ilitengenezwa iweze kukaa kwenye padi za RM5271, ile prosesa ya familia ya RM5200 yenye kidhibiti cha kashe (memori ndogo ya haraka) ya nje. Zote mbili ni TBGA (aina ya BGA) ya milimita 31 kwa 31, vitufe 304 vilivyopangwa safu nne kuzunguka kingo za mraba wa 23 kwa 23, nafasi ya milimita 1.27 kati ya kitufe na kitufe. Watu wengi husoma hapo tu, wakaridhika.

Ndani mambo ni tofauti. RM5200 ina kashe ya kwanza ya KB 32 za maelekezo na KB 32 za data, kila moja ya njia mbili. RM7000 ina KB 16 na KB 16, za njia nne, halafu ina kashe ya pili ya KB 256 ndani ya chipu. Ile kashe ya MB 1 iliyoko kwenye modyuli yako, ambayo leo ni ya pili, itageuka kuwa ya tatu. Programu yoyote inayosafisha kashe kwa kuhesabu mistari yake, na PROM hufanya hivyo sekunde ya kwanza ya kuwashwa, itahesabu vibaya ikidhani bado ni RM5200. Zaidi ya hapo, RM7000 ina kasoro inayojulikana, namba 31 kwenye orodha ya mtengenezaji: kashe ya maelekezo huamka ikiwa na takataka, na programu lazima iisafishe kwa utaratibu maalumu kabla ya kuitegemea. Kerneli ya Linux ina kipande cha msimbo kwa ajili ya kasoro hiyo peke yake. Matoleo ya RM7000 pia hutofautiana kwenye TLB (jedwali la kutafsiri anwani za memori), mengine yana nafasi 48 na mengine 64. Hata namba ya utambulisho inayosomwa kwenye rejista ya PRId si moja: 0x28 kwa RM5200, 0x27 kwa RM7000.

Kwa hiyo unapoambiwa kwamba chipu mbili zinaingiliana miguu, umeambiwa habari za ubao tu. Umeme unaoingia na programu inayoziamsha unapaswa kuvishughulikia wewe.

Volteji ya kiini

Hapa ndipo chipu hufa ndani ya sekunde moja, bila moshi wala harufu. Prosesa hizi zina laini mbili za umeme: VccIO ya kuendesha basi, ambayo kwenye O2 ni 3.3 V, na VccInt ya kiini. RM7000C ilitengenezwa kwa teknolojia ndogo kuliko RM5200, na kiini chake kinataka volteji ya chini zaidi. Usichukue namba kutoka kwa mtu mtandaoni. Soma karatasi ya data ya chipu yenye herufi zilezile ulizonazo mkononi, maana RM7000, RM7000A na RM7000C si kitu kimoja kwa upande wa umeme.

Kwenye modyuli kuna regyuleta inayotengeneza VccInt. Kwa kawaida volteji yake hupangwa na rezista mbili, na hesabu yake ni: volteji inayotoka = volteji rejea × (1 + R ya juu ÷ R ya chini). R ya juu ni ile inayotoka kwenye laini ya volteji kwenda kwenye mguu wa kipimo. R ya chini inatoka hapo kwenda ardhini. Mfano: rejea ikiwa 0.8 V, na R ya juu kilo-omu 10, R ya chini ya kilo-omu 20 inakupa 1.2 V. Rejea ikiwa 1.25 V, kama zilivyo regyuleta nyingi za zamani, huwezi kushuka chini ya 1.25 V hata ufanyeje, na itabidi regyuleta yenyewe ibadilishwe.

Kuna jambo mafundi hulipita haraka. Rezista ya chini ikikosa kushika, volteji inashuka hadi rejea, na hakuna kinachoharibika. Rezista ya juu ikikosa kushika, regyuleta inaona sifuri kwenye mguu wa kipimo, inadhani volteji haitoshi, na inafungulia yote iliyonayo. Kiini kilichotakiwa kupewa volti moja na kidogo kinapigwa na tatu. Ndiyo maana panapowezekana nashauri ubadilishe rezista ya chini, na ile ya juu usiiguse kabisa. Tumia za asilimia 1.

Angalia pia aina ya regyuleta. Ikiwa ni ya kushusha kwa kuunguza, kutoka 3.3 V hadi 1.2 V kwa ampea 3 maana yake ni wati 6.3 zinazogeuka joto kwenye regyuleta peke yake, na sehemu iliyopangiwa kazi nyepesi zaidi haitavumilia. Na kadiri volteji inavyoshuka ndivyo uvumilivu unavyobana: asilimia 5 ya 2.5 V ni milivolti 125, asilimia 5 ya 1.2 V ni milivolti 60. Mawimbi ambayo chipu ya zamani iliyavumilia kwa miaka 20 yataigandisha mpya. Kapasita za laini hiyo zibadilishwe wakati modyuli iko wazi.

Jaribio lenyewe ni rahisi, na halina sababu ya kurukwa. Baada ya kung'oa chipu ya zamani na kubadili rezista, kabla ya kuweka mpya, chomelea kwa muda rezista ya omu 0.47 ya wati 10 kati ya VccInt na ardhi, rudisha modyuli kwenye O2, washa. Kompyuta haitaonyesha chochote, na hilo ni sawa. Pima. Kwa 1.2 V rezista hiyo inavuta ampea 2.5 hivi na kuunguza wati 3. Volteji isogee kwa milivolti chache tu kati ya hali ya mzigo na isiyo na mzigo. Washa na kuzima mara kumi ukitazama kwa osiloskopu, kwa sababu baadhi ya regyuleta huruka juu kwa milisekunde kadhaa zinapoamka, na multimita haitakuonyesha hilo.

Biti 256 za mwanzo

Prosesa za ukoo huu hazipangiwi kasi kwa jampa wala kwa miguu ya kizidishi. Zinapowashwa, zinapeleka mapigo ya polepole kwenye mguu wa ModeClock, mara 256 polepole kuliko saa ya basi, na kusoma biti 256 moja baada ya nyingine kupitia mguu wa ModeIn. Ndani ya mkondo huo ndimo mlimo na kizidishi, mpangilio wa baiti, namna ya kuandika kwenye basi na nguvu ya kusukuma laini. Kizidishi kinaanzia biti ya 5 hadi ya 7, mpangilio wa baiti ni biti ya 8.

Fuata njia ya shaba kutoka ModeIn hadi uone inakotoka, kwa kawaida chipu ndogo ya memori ya mfululizo au chipu ya mantiki. Soma yaliyomo, hifadhi nakala mbili mahali tofauti, ndipo ubadilishe. Usiandike biti zote upya kwa kukisia. Badilisha za kizidishi tu, halafu linganisha zilizobaki, moja moja, na jedwali la RM7000, kwa sababu biti zilizokuwa akiba kwenye chipu ya zamani zinaweza kuwa na maana kwenye hii. Ukikosea biti ya 8, prosesa itasoma kila neno la PROM kinyumenyume na kukaa kimya kabisa, na utalaumu lehemu bure. IRIX, mfumo endeshi wa SGI, na PROM ya O2 vinataka baiti kubwa kwanza.

Usiwashe kwa mara ya kwanza ukiwa tayari kwenye 600. Anza na kizidishi cha 300, ileile kasi iliyokuwepo. Ikiwaka hapo, unajua kuchomelea, volteji na PROM viko sawa, na kitakachogoma ukipanda ni kasi yenyewe au chipu.

PROM: mpangilio wa hatua

SGI wenyewe waliuza O2 yenye RM7000A ya 350 MHz, kwa hiyo PROM za mwisho za O2 zinaijua familia hiyo. Lakini 600 MHz hawakuiuza, na waliofanikiwa walitumia PROM iliyorekebishwa. Tatizo ni kwamba PROM iko kwenye bodi mama, na ili uibadilishe kwa programu lazima kompyuta iwake. Ukishaweka prosesa ambayo PROM ya zamani haiijui, kompyuta haiwaki, na mlango wa kuibadilisha umejifunga.

Kwa hiyo PROM inatangulia. Soma iliyopo na uihifadhi. Weka mpya ukiwa bado na prosesa ya zamani, zima, washa, hakikisha inafika kwenye menyu. Kama PROM mpya haiwaki na prosesa ya zamani, rudisha ya awali kwa kiprograma cha flashi, na usisonge mbele hadi ujue kwa nini. Mfumo nao uwe tayari: IRIX 6.5.22 ndilo toleo la mwisho kwa Indy, lakini O2 inakwenda hadi 6.5.30, na hilo ndilo la kuwa nalo kabla ya kubadili chochote.

Hifadhi pia matokeo ya sasa ya hinv -v, amri inayoorodhesha vifaa vya kompyuta, na uandae koni ya mfululizo: kebo kwenye mlango wa kwanza, baudi 9600, biti 8, bila pariti. Amri ya setenv console d kwenye kimonita cha PROM itahamisha maandishi huko. PROM iliyokwama katikati huandika hapo mambo ambayo skrini haitayaonyesha kamwe. Na ikiwa saa ya Dallas DS17287 kwenye bodi mama haijawahi kubadilishwa, betri iliyofungiwa ndani yake huenda imekwisha. Imalize shida hiyo kwanza, isije ikachanganyika na hizi nyingine.

Joto, unyevu na lehemu mbili

Chipu mpya ikiwa imekaa nje ya pakiti, imenyonya unyevu. Ukiipasha ghafla hadi nyuzi 200, maji yaliyo ndani yanageuka mvuke na kuupasua mwili wa chipu kutoka ndani. Chipu za daraja la 3 la unyevu hupewa saa 168 tangu pakiti ifunguliwe, lakini hesabu hiyo ni ya chumba cha nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 60. Mombasa, Dar es Salaam au Unguja unyevu hupita hapo siku nyingi za mwaka, kwa hiyo usihesabu saa hizo. Kausha: nyuzi 125 kwa saa 24, kwenye oveni yenye kipimo cha kuaminika, si jiko la nyumbani. Trei za plastiki za kawaida huyeyuka kwenye joto hilo, weka chipu kwenye sahani ya chuma. Modyuli nayo ikauke, lakini ina plagi na lebo za plastiki, kwa hiyo nyuzi 90 kwa muda mrefu zaidi inatosha.

Swali linalofuata ni lehemu. Modyuli ya O2 ilichomelewa kwa lehemu yenye risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183. Chipu iliyotengenezwa baada ya 2006 inaweza kuwa na vitufe visivyo na risasi, vinavyoyeyuka karibu na 217. Ukipasha hadi 210, vitufe hivyo haviyeyuki: lehemu ya chini inavishika kwa juujuu tu, chipu haizami wala kujinyoosha yenyewe, na baada ya miezi michache ya kupata moto na kupoa viungio vinaanza kukatika. Ukipasha hadi 240 ili viyeyuke, unaiweka hatarini plagi ya chini na ubao uliozeeka. Njia salama ni kuvitoa vitufe vyote na kupanda vipya vya Sn63Pb37, milimita 0.75, kwa stensili ya 1.27. Kila upashaji unahesabika: usivuke upashaji kamili mara tatu kwa modyuli, na kung'oa peke yake ni mara moja.

Mwenendo wa joto ninaouamini kwa kazi hii: hita ya chini ipashe ubao wote hadi nyuzi 130 au 150, kupanda kusizidi nyuzi 2 kwa sekunde. Shikilia kati ya 150 na 180 kwa dakika moja na nusu ili flaksi ifanye kazi. Kisha juu hadi 205 au 215, na muda wa kuwa juu ya 183 uwe kati ya sekunde 45 na 75. Halafu usiguse kitu hadi ishuke chini ya 150. Namba hizi zisomwe na sensa ya waya ya aina ya K iliyobandikwa pembeni mwa chipu, na nyingine chini ya ubao. Skrini ya mashine inaonyesha joto la hewa yake, si la lehemu. Chipu za kashe jirani na plagi zifunikwe kwa tepu ya Kapton na karatasi ya alumini.

Wakati wa kung'oa, chipu isibanduliwe kwa bisibisi. Isukumwe kidogo kwa ncha ya kibano. Ikitikisika na kurudi yenyewe mahali pake, vitufe vyote vimeyeyuka, inyanyuliwe kwa kikombe cha kunyonya. Isiporudi, pembe moja bado imeshika, na kuvuta hapo ni kung'oa padi. Mabaki ya lehemu yaondolewe kwa utambi wa shaba wenye flaksi nyingi na ncha pana ya nyuzi 330, utambi ukiwekwa na kunyanyuliwa, si kusuguliwa. Kusugua ndiko hunyanyua padi zaidi kuliko joto lenyewe.

Baada ya kukalisha, pima hitisinki. Chipu mpya ikiwa nene kuliko ya zamani hata kwa sehemu ya kumi chache za milimita, springi za hitisinki zitabonyeza kupita kiasi, na mzigo wote unabebwa na vitufe 304.

Kuhusu fundi wako

Fundi simu wa Luthuli Avenue au Kariakoo ana mkono mzuri kuliko wengi, na vitufe vya milimita 1.27 kwake ni vikubwa mno. Lakini ubao wa simu ni mwembamba, hupata moto ndani ya sekunde chache, na bloa ya nyuzi 380 kutoka juu inatosha. Modyuli ya O2 ina tabaka pana za shaba zinazonyonya joto. Bloa peke yake itaunguza juu ya chipu wakati vitufe vya chini yake bado ni vigumu. Muulize kama ana hita ya chini inayofunika ubao mzima, kama mashine yake inakubali waya za sensa, na kama ana vitufe vya 0.75 vyenye risasi. Akijibu ndiyo yote matatu, mpe kwanza bodi ya laptopu iliyokufa, ang'oe na kurudisha chipu kubwa mbele yako. Kisha ing'oe tena ukague padi. Hata moja ikiwa imenyanyuka, usimpe modyuli.

Chipu yenyewe nayo ichunguzwe kabla ya kwenda kwa fundi, kwa sababu RM7000C haitengenezwi tena na zinazouzwa ni mabaki ya maghala au zilizotolewa kwenye vifaa vya mtandao. Nunua mbili. Futa maandishi kwa pamba yenye asetoni: yakitoka, yalichapwa juu ya mengine. Angalia vitufe kwa kioo cha kukuzia, vyenye ukubwa usiolingana au mabaki ya flaksi vina maana kwamba chipu imeshatumika. Pima kwa multimita, kwenye kipimo cha dayodi, kati ya VccInt na ardhi, na kwenye miguu kadhaa ya basi, halafu linganisha chipu mbili. Namba zikitofautiana sana, moja ni mbovu au si chipu inayodaiwa. Chipu ya kasi ndogo iliyoandikwa upya kuwa 600 haitagundulika kwa njia yoyote kati ya hizi. Hiyo utaijua ukipandisha kizidishi.

Je, itakwenda mara mbili?

Kwa baadhi ya kazi, karibu. Kukusanya msimbo, kubana mafaili, na chochote ambacho data yake inaenea kwenye KB 256 za ndani, kitapata faida kubwa. Vivyo hivyo kwa picha za pande tatu zenye pembetatu nyingi, kwa sababu kwenye O2 hesabu za jiometria za OpenGL hufanywa na prosesa. Lakini basi la prosesa linabaki na kasi ileile, memori ni ileile inayogawanywa kati ya prosesa, picha na video, na kujaza pikseli ni kazi ya CRIME, ambayo haijaguswa. Kazi inayopitia picha kubwa kutoka mwanzo hadi mwisho itaongezeka kidogo tu. Diski zinabaki kwenye SCSI ya MB 40 kwa sekunde.

Ukihitaji kasi ya hesabu za desimali bila kuchomelea chochote, O2 yenye R12000 ya 400 MHz ni ya kiwandani na ina kashe ya MB 2. Ukubali tu kwamba modyuli yake ndefu inachukua nafasi ya diski ya pili, na kwamba Linux haiwezi kuendeshwa vizuri juu yake. Kwa IRIX hakuna shida. Octane2 inafika R14000A ya 600 MHz, nayo modyuli zake zinachomekwa. Kama O2 yako inaendesha kifaa cha maabara au kazi ya mteja, nenda huko, usibadili chipu. Kama ni mashine unayoipenda na uko tayari kupoteza modyuli moja ya 300, ifanye, kwa mpangilio huu.

Siku ya kuwasha

Pima kwanza upinzani kati ya VccInt na ardhi, na kati ya VccIO na ardhi, ulinganishe na uliyoandika kabla ya kung'oa. Karibu na sifuri usiwashe. Washa kwa kizidishi cha 300 ukitazama koni ya mfululizo. Kimya kabisa: kagua saa ya basi, reseti, kisha mapigo ya ModeClock kwa osiloskopu. Mapigo yakionekana, prosesa iko hai, tafuta kosa kwenye biti za mwanzo, kwenye PROM au kwenye laini ya basi. Mapigo yasipoonekana kabisa, ni umeme, saa au kitufe kisichoshika. Maandishi yakianza na kukwama wakati wa kupima kashe, shuku PROM isiyoijua kashe ya tatu, au laini moja ya kashe ya nje.

Ikifika kwenye menyu, hinv ionyeshe RM7000 na ukubwa sahihi wa kashe zote tatu. Ingia IRIX, kisha panda hatua kwa hatua: 400, 500, 600. Katika kila hatua bana faili la MB mia kadhaa na ulifungue, ulinganishe hesabu ya ukaguzi, mfululizo, usiku kucha. Kosa moja la hesabu linatosha kukurudisha hatua moja nyuma, hata kama kompyuta haijakwama. Mwisho, izime ipoe kwa saa nane na kuwasha, kwa wiki nzima. Kitufe kilichoshika nusu hufanya kazi vizuri kikiwa cha moto, na hugoma asubuhi.